Stesheni ya Nachingwea
Sisi wa Maparoni, milangoni mwa mto Rufiji, twajua ya kuwa majahazi ya wazee wetu hayakutweka tanga kabla ya kupata shehena ya boriti. Kusini kwetu, huko Nachingwea, mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, wakajenga reli ya kuzichukua mpaka pwani. Ilifunguliwa mwaka 1949, kabla mavuno hayajaonekana. Karanga hazikustawi, na mwaka 1951 mpango ulivunjwa. Reli ikabaki ikichukua mazao mengine, lakini mapato hayakutosheleza gharama. Mwaka 1962 ilifungwa, vyuma vikang'olewa, na mizigo ya wakulima ikarudi barabarani. Kumbe shehena ndiyo iitayo chombo.