Fahamu Namna ya Kukokotoa Ukinzani na Nguvu ya Umeme katika Vifaa vya Nyumbani

Vifaa vingi vya umeme vinavyouzwa madukani huwa na lebo ndogo yenye maandishi mfano wa "230 V, 1150 W". Watumiaji wengi hawazisomi lebo hizo, ilhali tarakimu hizo chache zinatosha kumwezesha mwananchi kujua kifaa chake kinavuta mkondo kiasi gani, kitatumia uniti ngapi kwa mwezi na iwapo waya wa nyumbani kwake unaweza kukihimili.

Ukokotoaji huo unahusisha vipimo vinne. Msongo wa umeme, yaani volteji, ndio unaousukuma umeme upite katika waya, nao hupimwa kwa volti. Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita, na hupimwa kwa ampea. Ukinzani ni kiwango ambacho kifaa au waya huuzuia mkondo usipite kwa urahisi, na hupimwa kwa omu. Nguvu ni kasi ya kutumika kwa nishati, na hupimwa kwa wati.

Uhusiano wa vipimo vitatu vya kwanza ulielezwa na mwanafizikia wa Ujerumani, Georg Simon Ohm, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1827. Kwa mujibu wa kanuni yake, ukinzani hupatikana kwa kugawa volti kwa ampea. Nguvu hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea.

Mfano wa pasi

Msongo wa kawaida wa umeme wa majumbani nchini Tanzania ni volti 230. Pasi inayovuta mkondo wa ampea 5 ina ukinzani wa 230 ÷ 5, sawa na omu 46. Nguvu yake ni 230 × 5, sawa na wati 1,150. Pale ambapo lebo inaonesha wati pekee, mkondo hupatikana kwa kugawa wati kwa volti: 1,150 ÷ 230, sawa na ampea 5.

Uniti moja ya umeme inayonunuliwa kwa ajili ya mita ya LUKU ni sawa na wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Hivyo, pasi hiyo ikivuta nguvu yake yote kwa nusu saa kila siku, itatumia uniti 0.575 kwa siku, au uniti 17.25 kwa siku 30.

Kanuni hiyo inaeleza pia sababu ya pasi kuchelewa kupata moto umeme unapokuwa hafifu. Msongo ukishuka hadi volti 180, mkondo katika ukinzani uleule wa omu 46 huwa ampea 3.9, na nguvu huwa takribani wati 704. Msongo umepungua kwa asilimia 22, lakini nguvu imepungua kwa takribani asilimia 39.

Hatari ya kuzidisha mzigo

Waya nao una ukinzani, ingawa ni mdogo. Joto linalozalishwa ndani yake hukokotolewa kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo, kisha kuzidisha kwa ukinzani wa waya. Ichukuliwe kuwa waya wa ekstensheni una ukinzani wa omu 0.2. Pasi pekee ikichomekwa, waya huo huzalisha joto la wati 5, kiasi kisicho na madhara.

Endapo katika ekstensheni hiyohiyo litaongezwa birika la umeme la wati 2,300 linalovuta ampea 10, pamoja na jiko la wati 1,840 linalovuta ampea 8, jumla ya mkondo itakuwa ampea 23. Joto katika waya litafikia takribani wati 106. Mkondo umeongezeka mara 4.6, lakini joto limeongezeka zaidi ya mara 21. Plastiki ya waya hulainika, nyaya za ndani hugusana na moto huanza, mara nyingi chini ya zulia au nyuma ya kabati ambako hakuna anayeona.

Fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi imewekwa ili iungue kabla ya waya kuungua. Kuiondoa na kuweka kipande cha waya mahali pake ni kuondoa kinga hiyo. Fyuzi inayoungua mara kwa mara ni ishara kwamba mzigo umezidi au kifaa kina hitilafu.

Mambo ya kuzingatia

Kanuni ya kuzidisha volti kwa ampea inafaa moja kwa moja kwa vifaa vya kuzalisha joto kama pasi, birika na jiko. Kwa vifaa vyenye mota, kama jokofu na feni, nguvu halisi huwa pungufu ya jibu hilo. Ni vema kutumia wati zilizoandikwa kwenye lebo.

Ukinzani wa kifaa haupimwi kikiwa kimeunganishwa na umeme. Kazi za kutandaza nyaya na kurekebisha saketi za nyumba zifanywe na mafundi wenye leseni ya EWURA. Moto unapotokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa kupiga namba ya dharura 114.

Kabla ya kuchomeka kifaa kingine katika ekstensheni, mwananchi ajumlishe wati zote na kuzigawa kwa 230. Jibu likizidi ampea 13, kifaa hicho kichomekwe katika soketi nyingine ya ukutani.