Lemera yetu: chakula, vijito na mipaka ya mashamba



Watoto wetu wakisikia jina la Lemera wanafahamu mambo mawili tu: hospitali na vita. Si kosa lao. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliingia hospitali ya Lemera, wakaua wagonjwa kwenye vitanda pamoja na wauguzi. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa mganga mkuu pale, hakuwapo usiku ule. Baadaye alianzisha hospitali ya Panzi kule Bukavu, na mwaka 2018 dunia ikamsikia alipopewa tuzo ya Nobeli ya Amani. Tarehe 23 ya mwezi uleule wa Oktoba, jina la kwetu likawekwa kwenye karatasi nyingine, Mapatano ya Lemera, yaliyozaa AFDL, wale waliomwondoa Mobutu mwezi wa tano 1997. Hivyo ndivyo mji mzima ulivyobaki na mwezi mmoja tu kwenye vitabu.

Siye tuliozaliwa kule, ama tuliozaliwa na watu wa kule, tunasema Lemera ilikuwa na miaka mingi kabla ya ule Oktoba. Ni makao ya usultani wa Bafuliiru. Wazee husimulia kwamba ukoo wa Bahamba, unaotoa Mwami, ulitokea Lwindi, upande wa Mwenga, na ndugu zetu Bavira nao wanaitaja Lwindi hiyohiyo. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walipoingia upande wetu miaka ya 1920, walikuta vilima vina wenyewe, kila kijito kina jina, na kila shamba lina mtu anayejua lilianzia wapi na kuishia wapi.

Kwa wale ambao hawajafika: ukitoka Kimanga unashika barabara kubwa namba 5, unapita Kavimvira, unapita Kiliba penye miwa (kiwanda cha sukari kilisimama mwaka 1996, wengi wetu baba zetu walifanya kazi mule), halafu Runingu, Sange, Luberizi. Mkono wa kuume ni bonde la Ruzizi, mpunga na mihogo na ng'ombe, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Mkono wa kushoto ni milima. Kisha unaacha lami na joto, unaanza kupanda. Ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya bahari, na milima ya Itombwe, mbali huko nyuma ya Lemera, inapita mita 3,000. Lemera iko katikati ya hayo mawili, na ndiyo sababu chakula chake ni cha katikati: ndizi, maharagi, mateke, viazi, mahindi, na mihogo pia. Asubuhi ni ukungu na baridi. Mtu wa Kimanga akilala kule usiku wa kwanza ataomba blanketi ya pili.

Kule juu hakuna samaki, na huku chini maharagi hayazai vizuri. Neno hili dogo ndilo lililofanya historia yetu. Mama zetu walishuka na maharagi na ndizi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mpaka masoko ya bonde, wakapanda na ndagala, chumvi na mafuta ya mawese. Ndagala akianikwa kwenye mchanga wa Uvira siku moja ya jua kali anakauka na kuweza kusafiri. Mikeke haikufika kwetu ila kwa wenye nacho, tena ikiwa imebanikwa. Kwa hiyo sombe ya Lemera ni chakula cha njia mbili: majani yametoka kwenye shamba la nyuma ya nyumba, yametwangwa kwenye kinu cha nyumbani, lakini ndagala na mawese vimepanda mlima kichwani mwa mtu. Ukisema sombe ni chakula cha kijijini tu, umesahau nusu ya safari yake. Hata mtu wa Lemera aliyekuwa hajaona ziwa alikuwa na ziwa ndani ya sufuria.

Tukae kidogo kwenye ndizi, maana hapo ndipo wazee wanapochangamka. Kulikuwa na ndizi za kupika na ndizi za pombe, na mtoto wa miaka saba alizijua kwa kutazama kikonyo. Za pombe zilifukiwa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya mgomba, zikakaa siku kadhaa mpaka zilainike. Halafu zilikandwa na majani ya nyasi, mikono ikapokezana, maji matamu yakatoka. Hayo maji kabla hayajachacha yalikuwa ya watoto na ya waumini wasiogusa pombe. Yaliyobaki yalitiwa unga wa mtama, yakafunikwa, na baada ya siku chache ndiyo kasiksi. Hakuna mahari iliyojadiliwa bila kasiksi. Hakuna mpaka wa shamba uliowekwa bila kasiksi. Waliokunywa ile siku ndio waliokuwa mashahidi, na ugomvi ukitokea miaka ishirini baadaye, waliulizwa kwanza: nani alikunywa? Sisi wengine ni watu wa kanisa na pombe hatunywi, lakini hilo halitufanyi tukatae kwamba ile pombe ilifanya kazi ya notari.

Jioni kulikuwa na imigani, hadithi za Kifuliiru, karibu na moto. Hadithi nyingi zilitaja mahali: kijito fulani, mwamba fulani, mti fulani uliosimama peke yake. Mtoto alilala akiwa amefundishwa ramani bila kujua.

Tulikimbia mara nyingi. Mwaka 1964, wakati wa Mulele, Musa Marandura na watu wake waliposimama upande wetu, Uvira ikaanguka mwezi wa tano, na jeshi liliporudi watu walivuka Ruzizi kwenda Burundi. Mwaka 1996 tulivuka tena, na wengine wakapanda mitumbwi mpaka Kigoma, wakapelekwa Nyarugusu na Lugufu. Kule chakula kilikuwa cha kupimiwa: unga wa mahindi, njegere za manjano, mafuta ya kopo, chumvi. Hatulalamiki, tulikula na tuko hai. Lakini watoto waliozaliwa kambini walisema ugali, dagaa na kisamvu, si bugali, ndagala na sombe. Meli za HCR zilipoanza kurudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka, Oktoba 2005, tulishuka na watoto wanaozungumza kama Watanzania. Hapa Kimanga waliitwa hivyo, Watanzania, na bado wanaitwa. Mtoto anaambiwa arudi kwao, naye hajui kwao ni wapi.

Wengi wetu hatukupanda mpaka Lemera. Tulibaki Kimanga kwa sababu ya shule, ya soko, ya usalama, na kwa sababu njia ya juu haikuwa salama. Hilo linaeleweka. Shida ni kwamba shamba halikungoja. Wengine waliporudi walikuta mtu mwingine analima, amejenga, hata amezika wafu wake pale. Migomba nayo, hata pale ambapo hakuna mtu aliyeichukua, ilipatwa na ule ugonjwa wa mnyauko ulioonekana Masisi mwaka 2001 na baadaye ukashuka Kivu Kusini. Mgomba uliokuwa alama ya mpaka ukikauka, mpaka nao unaanza kuzungumziwa upya.

Wengine wanatuuliza: kwa nini hamuonyeshi makaratasi? Makaratasi gani? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa wa serikali. Kuhusu mashamba ya vijijini, ilisema yatapangwa na amri ya Rais wa Jamhuri. Amri hiyo haikutoka. Kwa hiyo shamba la babu yako kule Lemera halina hati, na mtu anayelilima leo naye hana. Mbele ya wazee wa kilima kinachosikilizwa ni maneno: nani alipewa, alitoa nini kwa Mwami au kwa mkubwa wa kilima, mpaka unapita kijito gani, kuna mti gani kwenye kona, jirani wa juu alikuwa nani. Kijana aliyefika na moto ya kukodi kutoka Uvira, hawezi kutaja hata kijito kimoja, anarudi mikono mitupu, hata kama haki ni yake. Tumeyaona hayo kwa macho yetu, zaidi ya mara moja.

Ndiyo maana chama kimeanza daftari. Kila familia inaandika: kilima, vijito kwa jina la Kifuliiru, miti ya mpaka, majirani wa pande nne, kilichopandwa wapi, waliokunywa kasiksi siku ya kugawa. Hatuchapi majina hayo humu, maana kesi nyingine bado zinasikilizwa na gazeti hili linapita mikononi mwa wengi. Pia tunaandika jina la aliyesimulia na mwaka. Pale wazee wawili wanapopingana, tunaandika yote mawili. Hatuna haki ya kuchagua. Mpaka sasa ugomvi mkubwa kwenye daftari haukuwa wa mipaka. Mama wawili wa kilima kimoja walibishana nusu saa kuhusu ndizi iliyoota karibu na chemchemi, mmoja akisema ya kupika, mwingine ya pombe. Kijana aliyekuwa akiandika, mzaliwa wa Nyarugusu, alitaka kuruka hiyo mistari. Wote wawili wakamkataza.

Mvua za kwanza kule juu zinaanza mwezi wa tisa, na watu wakishaanza kupanda hakuna atakayesimama kusikiliza mambo ya mipaka. Familia ambazo hazijaandikisha zije na mzee wao kabla ya hapo, Jumamosi baada ya mkutano. Asiyeweza kutembea tutamfuata nyumbani. Njooni na mtoto mmoja anayejua kuandika, aandike yeye mwenyewe.