Vikopo Vilivyovimba

Leo tuweke programu kando tushike bisibisi.

Kama ulikuwa na kompyuta ya mezani kati ya 2002 na 2007, huenda unaikumbuka hii: unabonyeza kitufe, feni inazunguka, taa inawaka, lakini skrini ni giza tupu. Hakuna hata mlio. Unazima, unawasha tena, na mara ya tano inakubali. Baada ya wiki kadhaa haikubali kabisa.

Mwaka 2006 mashine ya aina hiyo ilikuwa katika ofisi ndogo niliyokuwa nikiiandikia programu ya mahesabu. Siku chache kabla haijagoma, fundi wa mtaani alikuwa ameifungua kuongeza memori. Mwenye ofisi akaniuliza mimi, eti msomi wa kompyuta, nani ameiharibu. Nikajibu kabla ya kufungua hata skrubu moja: ni fundi. Basi fundi hakulipwa.

Majuma mawili baadaye nikaifungua ili nitoe diski. Karibu na prosesa kulikuwa na safu ya vikopo vidogo vya alumini. Vitano vilikuwa vimevimba vichwa kama mandazi, na viwili vimetoa ute wa kahawia uliokauka. Fundi hakuwa na sababu ya kugusa upande huo.

Vikopo hivyo ni kapasita. Kazi yake ni kutuliza umeme: prosesa inapodai nguvu nyingi kwa ghafla, kapasita humwaga akiba yake ili volti zisiyumbe. Ndani mna tepu mbili za alumini zilizoviringwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kemikali. Kemikali yenye maji mengi hupitisha umeme vizuri na ni rahisi, lakini maji hula alumini. Ndiyo maana huongezwa viambato vya kuyazuia. Viambato visipokuwa sawa, alumini huoza na kutoa gesi ya haidrojeni. Gesi inasukuma kichwa mpaka kinapasuka kwenye ile mikato yake, iliyowekwa makusudi ili kikopo kisilipuke.

Mwaka 2002 majarida ya elektroniki yalianza kuripoti kwamba kapasita nyingi kutoka Taiwan zilikuwa zikifa mapema. Ikaenea hadithi tamu: kwamba fomula ya Kijapani iliibwa, na mwizi akainakili nusu nusu. Ni simulizi ya watu wa fani, si hukumu ya mahakama. Tena haielezi kila kitu. Kompyuta za Dell aina ya OptiPlex GX270 na GX280 ziliharibika kwa wingi, na kapasita zake zilitoka Nichicon, kampuni ya Japani yenyewe.

Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 hivi za kurekebisha mashine hizo. Mteja mmoja akaishtaki mwaka 2007, na hati za kesi zilipofunguliwa mwaka 2010 dunia ikasoma kwamba kati ya Mei 2003 na Julai 2005 ziliuzwa kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zenye hatari hiyo. Kichekesho ni hiki: idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas ilipolalamika, iliambiwa imezichosha mashine kwa hesabu ngumu!

Nilicheka niliposoma hayo, kisha nikanyamaza. Mimi nami nilikuwa nimefanya vivyo hivyo. Kifaa cha bei ya peremende kilikuwa kimekufa, nami nikamtafuta mtu wa kubebeshwa mzigo.

Haya, ukikutana na mashine ya enzi hiyo, fanya hivi. Chomoa waya wa stima, subiri dakika chache, ufungue kasha. Tazama vichwa vya kapasita kwa tochi: kizima ni bapa kama sarafu. Ukiona uvimbe au ute, umepata mshukiwa mkuu. Ukiona ni safi, toa memori uwashe. Ikilia, madabodi bado ina uhai, kwa hiyo safisha memori na uirudishe. Ikiwa kimya, jaribu pawasapulai nyingine unayojua ni nzima. Ile ya zamani usiifungue, maana kapasita zake kubwa hushika umeme hata baada ya kuchomolewa.

Kubadilisha kapasita kunahitaji pasi ya kulehemu na subira. Nunua zenye mikrofaradi zilezile, volti zisizopungua za awali, zinazostahimili nyuzi 105, na za aina ya madabodi, si za redio. Mstari ulio ubavuni ni upande wa hasi. Ukigeuza, utasikia mwenyewe.

Ile ya ofisini niliponya kwa kapasita tano za Luthuli Avenue, na ikafanya kazi miaka mitatu zaidi. Mwenye ofisi nilimweleza ukweli, akatoa pesa za fundi bila ubishi. Nilipozipeleka, kibanda chake kilikuwa kinauza kadi za simu na hakuna aliyejua alikohamia.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza nani ameharibu mashine, naomba bisibisi kwanza.