Kutoka Mkono wa Fundi hadi Programu ya Kompyuta: Historia ya Kumbukumbu ya Mwangaza Jukwaani

Utangulizi

Mhakiki anayesoma tamthilia za Kiswahili hukutana mara kwa mara na maelekezo mafupi ya jukwaani yasemayo kwamba taa zinafifia polepole, au kwamba mwanga unammulika mhusika mmoja huku wengine wakiachwa gizani. Kwa kawaida yeye huyapita maelekezo hayo upesi na kuyarudia mazungumzo ya wahusika, ambamo anaamini kwamba ndimo ilimo fasihi yenyewe. Lakini neno "polepole" si jepesi jinsi linavyoonekana. Je, ni polepole ya sekunde tatu au ya sekunde thelathini? Mama aliyefiwa akiachwa peke yake katika mwanga unaofifia kwa nusu dakika, hadhira hulazimika kukaa na huzuni yake. Mwanga huo ukikatwa kwa sekunde mbili, hadhira hupokonywa huzuni hiyo kabla haijaionja. Maneno ya mtunzi hayajabadilika hata herufi moja, ila maana yake jukwaani imebadilika.

Makala haya yananuia kuchunguza ni nani, katika historia ya ukumbi wa kisasa, amekuwa akilijibu swali hilo la "polepole", na jibu lake limekuwa likihifadhiwa wapi. Hoja yetu ni kwamba historia ya kudhibiti taa za jukwaani ni historia ya kuhamishwa kwa kumbukumbu: kutoka mkono wa fundi hadi karatasi, kutoka karatasi hadi meza ya taa yenye kumbukumbu ya kielektroniki, na hatimaye kutoka meza hiyo hadi programu iwezayo kutumika katika kompyuta ya kawaida. Hatua hii ya mwisho inamhusu mhakiki wa fasihi moja kwa moja, kwa sababu imeutenga mwangaza na chombo kinachouendesha, na hivyo kuufanya uwe matini inayoweza kunakiliwa, kusomwa na kulinganishwa na nyingine.

Koki, nyenzo na mkono

Kwa karne nyingi kumbi za Ulaya zilimulikwa kwa mishumaa na taa za mafuta. Gesi ilipoingia katika kumbi za Philadelphia na London mnamo 1816 na 1817, ilileta jambo jipya. Mabomba yaliweza kukusanywa mahali pamoja kando ya jukwaa, na mtu mmoja kwa kufungua au kukaza koki akaongeza au kupunguza mwanga wa jukwaa zima. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuuongoza mwangaza kutoka kituo kimoja.

Gharama ya gesi, hata hivyo, ilikuwa moto. Tarehe 8 Desemba 1881 ukumbi wa Ringtheater mjini Vienna uliteketea na mamia ya watu wakaangamia. Mwaka huohuo, tarehe 10 Oktoba, Richard D'Oyly Carte alikuwa amefungua Savoy Theatre mjini London, jengo la umma lililotiwa taa za umeme zipatazo 1,200 zilizotengenezwa na Joseph Swan. Tarehe 28 Desemba umeme ulifika jukwaani penyewe. Siku hiyo D'Oyly Carte alisimama mbele ya hadhira, akaifunika taa iliyokuwa ikiwaka kwa kitambaa chepesi, akaivunja, kisha akaonyesha kwamba kitambaa hakikuungua. Kwa watu waliokuwa wamesikia habari za Vienna majuma matatu tu yaliyotangulia, kitendo hicho kilizungumza kuliko hotuba.

Umeme uliondoa hofu, lakini haukuondoa mkono. Ili kupunguza mwanga, fundi alipunguza umeme ulioifikia taa kwa kusukuma nyenzo kubwa ya chuma, na kila kundi la taa lilikuwa na nyenzo yake. Onyesho kubwa lilihitaji mafundi kadhaa, kila mmoja akiwa na karatasi yenye nambari za nyenzo zake na alama za kuzifikisha. Mara nyingi walisimama kando ya jukwaa, mahali ambapo hawakuweza kuiona picha waliyokuwa wakiichora jinsi hadhira ilivyoiona. Karatasi ilisema ni wapi pa kufikia, lakini mwendo wa kufikia hapo ulikaa mkononi. "Polepole" ya Jumatatu haikuwa lazima iwe "polepole" ya Jumanne.

Tusiidharau hali hiyo. Fundi huyo alikuwa mwigizaji asiyeonekana: alisikiliza pumzi ya mwigizaji mwenzake, akauvuta mwanga sambamba nayo. Ila sanaa yake, kama ile ya fanani wa fasihi simulizi, iliishi katika utendaji na kufa pamoja nao.

Ndoto ya mwangaza kama muziki

Mtu aliyeyapa mawazo haya msingi wa kinadharia ni Adolphe Appia, Mswisi aliyeishi kati ya 1862 na 1928. Katika maandishi yake ya miaka ya 1890 kuhusu tamthilia za kimuziki za Wagner, Appia alitofautisha mwanga unaotuwezesha tu kuona na mwanga unaotenda, yaani ule unaochonga umbo la mwigizaji, unaotupa vivuli na kubadilika pamoja na hisia za mchezo. Kwake, mwangaza ulipaswa kupangwa kwa uangalifu uleule ambao mtunzi wa muziki huzipanga sauti. Tatizo lilikuwa kwamba muziki ulikuwa na maandishi yake, ilhali mwangaza haukuwa nayo.

Jaribio la kulijibu tatizo hili lilifanywa na Mwingereza Frederick Bentham. Mnamo 1935 alibuni meza ya kuongozea taa iliyojengwa juu ya kinanda, kwa kutumia sehemu za vinanda vya kampuni ya Compton. Mwendeshaji aliketi kama mpiga kinanda, akabonyeza vitufe kwa vidole na kukanyaga vikanyagio kwa miguu, na peke yake akaongoza taa ambazo zamani zingehitaji kikundi cha watu. Bentham hata alifanya maonyesho ambamo rangi za mwanga zilichezwa pamoja na muziki. Hapa sitiari ya Appia ilikuwa imegeuka kuwa mbao na waya. Lakini kinanda, kwa ustadi wake wote, hukumbuka machache mno. Wimbo umo kichwani na vidoleni mwa mpigaji.

Mashine inayokumbuka

Nchini Marekani, George Izenour wa Chuo Kikuu cha Yale alionyesha mnamo 1947 mfumo wa kielektroniki ambao ulimwezesha mwendeshaji kupanga picha kadhaa za mwanga kabla ya onyesho, kisha kuhama kutoka moja hadi nyingine. Baadaye vifaa vidogo vya silikoni, vilivyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950, vilichukua nafasi ya mirija mikubwa ya kielektroniki. Tangu hapo kilichosafiri kutoka mezani hadi kwenye vidhibiti mwanga kilikuwa ishara ndogo tu ya umeme, na ishara inaweza kuhifadhiwa.

Tukio ambalo mwanahistoria wa tamthilia hawezi kulipita ni lile la 1975, wakati mchezo wa A Chorus Line, ulioongozwa na Michael Bennett, ulipohamia Shubert Theatre katika Broadway, New York. Mbunifu wa mwangaza Tharon Musser alisisitiza kutumia meza yenye kumbukumbu ya kompyuta, iliyojulikana kama LS-8, na huo ukawa mchezo wa kwanza wa Broadway kuendeshwa hivyo. Tunapaswa kuuliza kwa nini mchezo huu hasa. Unahusu wacheza ngoma wanaofanyiwa majaribio ili wapate kazi. Wakati mmoja tunawaona wakiwa wamepanga mstari mbele ya mwongozaji anayewachuja; mara tunaingia katika mawazo ya mmoja wao, kisha tunarudishwa mstarini. Mandhari haibadilishwi sana. Mwanga ndio unaotuambia kwamba tumetoka katika usemi wa hadharani na kuingia katika uzungumzi nafsia. Kwa maneno mengine, mwangaza hapa ni sarufi, na sarufi haiwezi kutegemea bahati ya mkono.

Musser alipata tuzo ya Tony mwaka wa 1976 kwa kazi hiyo. Mchezo uliendelea hadi 1990, ukafikia maonyesho 6,137. Mtu aliyeutazama katika mwaka wa mwisho alipewa mpito wa mwanga uliopangwa chini ya usimamizi wa mbunifu mwenyewe. Swali la "polepole" lilikuwa limepata jibu lililoandikwa.

Lugha moja ya nambari

Hata hivyo jibu hilo lilikuwa limefungiwa. Kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kuziamuru taa, na meza ya kampuni moja haikuelewana na vidhibiti vya kampuni nyingine. Mnamo 1986 taasisi ya Marekani ya teknolojia ya maonyesho, USITT, ilitangaza kanuni ya pamoja iitwayo DMX512. Kanuni yenyewe ni sahili. Waya mmoja hubeba mfululizo wa nambari zisizozidi 512. Kila nambari ni kati ya 0, ambayo ni giza, na 255, ambayo ni mwanga kamili. Mfululizo mzima hurudiwa tena na tena, hadi mara 44 hivi kwa sekunde. Taa iliyopewa anwani ya 27 husubiri nambari ya ishirini na saba, ikaitii.

Maoni yetu ni kwamba kanuni hii ndiyo iliyoiondoa meza katika kiti chake cha enzi, wala si nguvu ya kompyuta peke yake. Lugha ilipokuwa wazi kwa wote, ilidhihirika kwamba meza ya taa, pamoja na vishikio na vitufe vyake vyote, ilikuwa chombo cha kutoa nambari. Kompyuta yoyote iliyounganishwa na kisanduku kidogo cha kuzigeuza nambari hizo kuwa ishara za DMX ingeweza kufanya vivyo hivyo. Ndivyo zilivyotokea programu za kudhibiti taa. Baadhi, kama Eos ya kampuni ya ETC, ni zilezile zinazoendesha meza kubwa, zikiwa zimewekwa katika kompyuta ya kawaida. Nyingine, kama QLC+, hutolewa bure pamoja na maandishi yake ya ndani, na kazi iliyotungwa humo huhifadhiwa katika faili la maandishi ambalo mtu anaweza kulifungua na kulisoma.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa ni hivyo, mbona kumbi kubwa hazijaacha meza? Sababu zipo. Vidole hukipata kishikio gizani bila macho kuondoka jukwaani, jambo ambalo kipanya hakiruhusu. Aidha kompyuta ya kawaida hufanya kazi nyingine nyingi kwa siri, na ikikwama katikati ya onyesho hakuna radhi itakayoiridhisha hadhira. Ukweli ni kwamba meza za leo ni kompyuta ndani yake. Tofauti iliyobaki ni ya mkono na ya uthabiti, wala si ya kumbukumbu.

Mwangaza kama matini

Tukirejea kwa mhakiki wa Afrika Mashariki, funzo la kwanza ni la tahadhari. Mwaka wa 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, wanakijiji walijenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa, wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ilipiga marufuku maonyesho hayo mwaka huohuo, na mnamo 1982 ukumbi ukabomolewa. Uzito wa mchezo huo haukutokana na vidhibiti vya taa, na mhakiki atakayeipima tamthilia kwa wingi wa mitambo yake atakuwa amepotoka. Lakini Kamĩrĩĩthũ inatufundisha jambo la pili pia: ukumbi ukishabomolewa na waigizaji wakatawanyika, kinachobaki mezani pa mhakiki ni matini iliyochapishwa, na matini hiyo ni sehemu tu ya kile kilichotendwa.

Hapa ndipo programu inapotupa nafasi. Kikundi cha chuo kikiwa na kompyuta moja, kisanduku kimoja na taa chache, leo kinaweza kuandika mpito wake wa mwanga kwa usahihi ambao Broadway yenyewe haikuwa nao kabla ya 1975. Faili la onyesho hilo linaweza kuwekwa maktabani kando ya mswada. Mwanafunzi wa kizazi kijacho ataweza kuona kwamba mwongozaji mmoja aliifasiri "polepole" ya mtunzi kuwa sekunde nne, na mwingine kuwa sekunde ishirini na tano, kisha akauliza ni kwa nini. Hilo ni swali la uhakiki wa kifasihi kama lilivyo swali la kuchagua neno moja badala ya jingine.

Masharti yapo. Nambari bila ramani ya taa hazisemi lolote: mhakiki akijua kwamba anwani ya 27 ilipewa 180 asijue taa hiyo ilining'inizwa wapi wala ilikuwa na rangi gani, amepata noti za muziki bila kujua ala. Vilevile faili lililofungwa ndani ya programu ya kampuni moja huenda lisisomeke kampuni hiyo ikishabadilisha mambo yake. Kwa hiyo inafaa faili lihifadhiwe pamoja na ramani ya taa, orodha ya mipito iliyochapwa karatasini, na mswada wenye alama za mahali kila mpito unapoanza.

Hitimisho

Tumeona kwamba kumbukumbu ya mwangaza imehama kutoka mkono hadi karatasi, meza na programu. Je, mkono umekufa? La. Programu inajua kwamba mwanga utafifia kwa sekunde ishirini na tano. Haijui ni lini mama aliyefiwa atakapomaliza kulia usiku wa leo. Yupo bado mtu gizani, kidole kikiwa juu ya kitufe, akisikiliza. Muda wa mpito sasa ni wa maandishi, ila wakati wa kuuanza ungali wa utendaji. Mhakiki wa tamthilia anayetaka kuitendea haki kazi yake hana budi kuyasoma yale yaliyoandikwa, na pia kuketi ukumbini akakishuhudia kile kisichoandikika.