Kitanda cha kichanga cha pembeni: Kagua haya kabla hujakivusha kwenda Bumbire

Ukinunua kitanda cha mtoto Bukoba mjini, ukakivusha kwa mtumbwi mpaka Bumbire halafu ukakuta hakifai, hakuna cha kukirudisha kesho yake asubuhi. Nauli ya mzigo imeshaliwa na muuzaji ameshasahau sura yako. Kwa hiyo ukaguzi unafanyika hukohuko dukani au kwa fundi, kabla hujatoa hela.

Kitanda cha pembeni ni kile kidogo cha mtoto mchanga kinachowekwa ubavuni mwa kitanda cha mama, kikiwa kimeshikana nacho au umbali wa kunyoosha mkono tu. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kinashauri kichanga alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, lakini kwenye sehemu yake mwenyewe. Hilo la chumba kimoja sisi hatuhitaji kufundishwa, nyumba nyingi za kwenye mialo ni chumba kimoja au viwili. Ugumu uko kwenye hayo maneno ya mwisho.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 wanafariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Sababu kubwa ni kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na maambukizi, na hayo kitanda hakiyazuii. Kinachozuiwa na kitanda kizuri ni mtoto kubanwa, kufunikwa uso au kulaliwa. Kwa watu wa kisiwani hii ina uzito wake. Homa inakupa muda, hata kama ni mdogo, wa kutafuta mtumbwi na kukimbilia bara, Rubya au Kagondo. Mtoto aliyekosa hewa hakupi hata dakika kumi.

Tena kitandani kwetu watu wanabadilika kufuata mwezi. Wakati wa giza baba yuko ziwani usiku kucha kwenye dagaa, mama analala na kichanga na pengine na mkubwa wake. Alfajiri baba anarudi kachoka, kalowa, taa haiwaki, anajitupa kitandani bila kujua mtoto kalazwa upande gani. Mbalamwezi ikiwa kali wote wamo ndani. Kama katikati amepata bia mbili tatu hapo mwaloni, ndiyo kabisa. Mtu aliyelewa au aliyechoka kupita kiasi hasikii kwamba kuna kitu chini ya mkono wake. Kichanga akiwa na kitanda chake, baba hata akirudi saa kumi na moja alfajiri hana wa kumlalia.

Anza na godoro

Watu wengi wanaangalia rangi na maua yaliyochorwa. Wewe bonyeza godoro kwa kiganja. Likibonyea na kubaki na shimo, liache. Linatakiwa kuwa gumu kiasi, linarudi haraka ukitoa mkono, na liwe tambarare kabisa. Mkubwa wetu sisi tunataka godoro laini kwa sababu tuna uzito, kichanga hana shida hiyo. Godoro laini likimzunguka uso, hana nguvu ya kuinua kichwa.

Halafu pima pengo kati ya godoro na ubavu wa kitanda. Vidole viwili vikipita kwa nafasi, godoro ni dogo. Usijaze pengo kwa nguo au kanga iliyokunjwa, maana usiku itatoka. Fundi akate sponji upya kwa kipimo cha kitanda. Godoro la kurithi kutoka kwa mtoto wa kwanza nalo liangalie: kama katikati limeshabonyea, limeshamaliza kazi. Na mkoa wetu unavyopata mvua, unyevu ni adui mwingine. Valisha godoro kifuniko kisichopitisha mkojo, kikae kimekaza, shuka moja juu yake, basi.

Basi kweli. Mto hapana, hata ule mdogo wa kutengenezea kichwa ambao bibi atauleta kwa mapenzi yote. Mito ya kuzungushia ubavuni hapana. Midoli hapana. Blanketi zito hapana. Mweleze bibi kwa upole kwamba kichwa cha mtoto kitakaa sawa chenyewe, na mchana mtoto akiwa macho unaweza kumlaza kifudifudi mbele yako kidogo kidogo. Usiku ni chali, kila mara, kuanzia siku ya kwanza. Uingereza walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Hofu kwamba mtoto akilala chali atapaliwa na maziwa ni ya kawaida, ila maumbile ya koo lake yanamlinda zaidi akiwa chali kuliko akiwa kifudifudi.

Baridi ya usiku je? Mvalishe nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe. Kama lazima umfunike, tumia kanga nyepesi, iishie kifuani, pembe zake zichomekwe chini ya godoro, na miguu yake iwe karibu na mwisho wa kitanda ili asiteleze kwenda chini ya nguo. Na jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala kwa kisingizio cha kumpasha joto. Hewa yake inaua mama na mtoto pamoja.

Ubavu, fito na miguu

Kwa kitanda chenye fito, beba kopo la soda. Kama kopo linapita kati ya fito mbili, nafasi ni kubwa mno, mwili wa mtoto utapita na kichwa kitabaki. Kipimo kinachotumika Marekani ni nafasi isiyozidi sentimita 6. Ukingo uwe juu ya godoro kwa sentimita 20 hivi au zaidi. Tikisa kitanda kwa nguvu. Kikicheza dukani kwenye sakafu ya saruji, kwenye sakafu yako ya udongo kitacheza zaidi.

Vitanda vya pembeni vya kisasa vina ubavu mmoja unaoshushwa, mama anyooshe mkono amchukue mtoto anyonye. Ni vizuri sana, ila vimetengenezwa kwa vitanda vya wenzetu. Kitanda cha tano kwa sita cha kwetu mara nyingi kina mbao za ubavuni zilizopanda juu kuliko godoro. Ukikisogeza cha mtoto hapo, magodoro mawili hayalingani na katikati linabaki pengo, au ubao, na hapo ndipo mtoto anapoweza kunasa. Ubavu ulioshushwa una usalama kama magodoro yako usawa mmoja, vitanda vimefungwa kwa mkanda visiachane, na hakuna nafasi hata ya kidole katikati. Ukikosa hayo matatu, pandisha ubavu, kitanda kikae chenyewe na kuta zake nne. Kwa maoni yangu, kwa nyumba nyingi za kisiwani hiki cha kuta nne ndicho cha kununua tangu mwanzo, na mara nyingi ni cha bei nafuu pia.

Ukitengenezesha kwa fundi wa hapohapo, chagua mbao kavu, zipigwe randa na msasa mpaka kiganja kipite bila kuchomwa. Ikibidi rangi, iwe ya ndani ya nyumba na isiyo na risasi, ikae wiki kadhaa kabla mtoto hajalala. Rangi iliyobaki baada ya kupaka mtumbwi ibaki kwa mtumbwi.

Mitumba ina mitego yake. Kitanda ambacho ubavu wake mzima unateleza juu na chini kwa reli kilipigwa marufuku kuuzwa Marekani tangu Juni 2011, kwa sababu reli zikichakaa ubavu unaachia na mtoto ananasa. Mwaka 2022 Marekani ikapitisha sheria nyingine kuzuia vilalio vya watoto vilivyoinama kupita nyuzi 10 pamoja na vile vimito vinene vya kuzungushia kitanda. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Fisher-Price ilirudisha vilalio vyake vya Rock 'n Play karibu milioni 4.7 baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30. Vitu vya namna hii havitoweki duniani kwa sababu tu nchi moja imevikataa, vinaweza kuonekana kwenye mitumba au kwenye picha za wauzaji wa mtandaoni. Kilalio kinachomkalisha mtoto nusu kaketi, kidevu kikagusa kifua, kinaziba njia ya hewa. Bembea la kanga ni hivyohivyo: mbembeleze ukiwa unamwona, akilala mhamishe.

Chandarua ndicho kinachoamua

Hapa ndipo ushauri wa mitandao ya nje unapotuacha. Huko wanasema kitanda kisiwe na kitu chochote juu. Kwetu bila chandarua haiwezekani. Katika utafiti uleule wa 2022, Kagera ilikuwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5.

Sasa, chandarua cha tano kwa sita hakifiki kwenye kitanda cha pembeni. Watu wanakivuta mpaka kinakuwa kama mteremko, kinalala juu ya uso wa mtoto, na mbu anang'ata kutokea nje. Kabla ya kununua kitanda, pima upana wa kitanda chako pamoja na cha mtoto, kisha pima chandarua. Kama hakitoshi, mtoto apate cha kwake, kimefungwa juu kwa kamba pande nne, kimekaza, kimechomekwa chini ya godoro lake, na kisimguse popote. Mama mjamzito anapewa chandarua chenye dawa kliniki. Kiulizie, ni haki yake.

Aina nayo ina maana kwa watu wa Muleba kuliko wengine. Utafiti uliofanyika wilayani humu humu na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018 ulionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa kiambato cha PBO vinawakinga watoto zaidi ya vile vya dawa ya kawaida, kwa kuwa mbu wa huku wameshakuwa sugu kwa dawa hiyo. Kipya kitandaze kivulini siku nzima kabla ya kukitumia.

Kale kachandarua ka mwavuli kanakouzwa dukani ni kazuri kwa usingizi wa mchana, lakini mara nyingi hakana dawa na ni kepesi, kanasukumika. Akianza kukamata vitu kwa mikono, kaondoe. Kamba za chandarua zikate fupi, ncha zisining'inie ndani ya kitanda. Uzi au shanga shingoni mwa mtoto vitolewe anapolala. Na koroboi iwe mbali kabisa na neti. Kama nyumba ina taa ya sola, tumia hiyo usiku.

Hela ya kitanda haipo

Hapo bado kuna njia. Mwaka 2006 New Zealand, daktari wa Kimaori David Tipene-Leach na wasusi wa jamii yake walianza kutengeneza kilalio cha kusuka kwa majani, kinaitwa wahakura. Wamaori walipenda kulala na watoto wao kitanda kimoja, na watoto wao walikuwa wakifa usingizini kuliko wa jamii nyingine. Badala ya kuwagombeza, waliwapa kikapu kinachokaa juu ya kitanda cha wazazi, mtoto ndani yake. Finland nao, tangu 1938, serikali inatoa boksi la vifaa vya uzazi, na watoto wengi walilala kwenye boksi lenyewe likiwa na kigodoro chini.

Buhaya wasusi wapo. Mwambie msusi unataka kikapu kipana chenye sakafu tambarare na ngumu, kuta fupi zinazopitisha hewa, bila mikono ya kubebea inayoangukia ndani, na sponji ngumu iliyokatwa kwa kipimo chake. Kikikaa juu ya kitanda chako kinakuwa chini ya chandarua kilekile, tatizo la neti limekwisha. Beseni halifai hata ukiweka nguo: chini limejipinda, kidevu kinashuka kifuani. Kochi ni baya kuliko vyote, hasa mama anayenyonyesha usiku akapitiwa na usingizi hapo.

Kwa mtoto njiti, kilalio cha kwanza ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kwa maelekezo ya muuguzi. Kitanda kinasubiri.

Kitanda cha pembeni kinaisha muda mtoto akianza kujigeuza au kujiinua kwa mikono, wengi kati ya mwezi wa nne na wa sita. Kuanzia hapo anahitaji kikubwa, chenye ukingo mrefu na godoro lililoshushwa chini. Mpe fundi oda mtoto akiwa na miezi miwili hivi, maana mbao mbichi zinachukua muda kukauka na mvua ya huku haimsubiri mtu.