Kuzikwa na Kufukiwa: Hans Reck na Mashapo ya Olduvai, 1913–1933

Mwaka 1913 Kigali ilikuwa kituo kichanga cha utawala, kilichoanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907. Katika koloni hilohilo la Wajerumani, mbali upande wa mashariki, mwanajiolojia Hans Reck alikuwa akichimba korongo ambalo Wamaasai huliita Oldupai, kwa jina la mkonge pori unaoota humo. Wajerumani waliandika Oldoway, Waingereza wakaandika Olduvai. Reck alikuwa ametoka Tendaguru, karibu na Lindi, palipochimbwa mifupa ya dinosaria iliyopelekwa Berlin.

Mchango wake wa kudumu ni usomaji wa mashapo. Aliyapanga matabaka ya korongo kuanzia chini na kuyapa namba, I hadi V, na watafiti waliomfuata walijenga juu ya mpangilio huo. Hata hivyo, kilichomvumisha ni kiunzi cha mtu aliyejikunja, kilichokutwa katika Tabaka la II. Reck alishikilia kwamba mtu huyo alikuwa na umri sawa na tabaka lenyewe, yaani mzee kupita binadamu yeyote wa umbo letu aliyejulikana wakati huo.

Vita vilimzuia kurudi. Alirejea mwaka 1931 pamoja na Louis Leakey, ambaye awali alikuwa na shaka, huko akashawishika. Ndipo Boswell, mwanajiolojia wa London, alipochunguza udongo ulioshikamana na mifupa, akakuta kokoto nyekundu mfano wa zile za Tabaka la III na vipande vya chokaa mfano wa vile vya Tabaka la V. Kaburi lilikuwa limechimbwa kutoka juu. Mwaka 1933 Reck na Leakey waliitangua kauli yao, jambo la heshima kwa maoni yangu. Vipimo vya kaboni vya miaka ya 1970 vilitoa umri wa takriban miaka 17,000.

Mgogoro wote huo, kwa Kiswahili, umo katika vitenzi viwili. Mtu huzikwa na watu. Mfupa hufukiwa na mashapo. Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili. Rwanda iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na istilahi za sayansi zitahitajika mashuleni. Orodha zinazotafsiriwa kutoka Kiingereza zisivifanye vitenzi hivi kuwa visawe.