Mahojiano kwa njia ya intaneti: Maandalizi na kurekodi sauti safi

Mahojiano kwa njia ya intaneti ni yale ambayo mhojaji na mhojiwa wako mahali tofauti, na sauti zao hupita katika mtandao kwa programu kama vile Zoom au WhatsApp.

Skype, iliyoanza mwaka 2003 na kufungwa Mei 2025, iliwazoesha wanahabari wengi njia hiyo. Janga la Covid-19 mwaka 2020 likaifanya kuwa ya kila siku.

Wanaoitumia leo si watangazaji pekee. Wamo pia watafiti, wanafunzi wa vyuo vikuu, na wakaazi wa ng'ambo wanaotaka kuhifadhi kumbukumbu za wazee wao waliobaki nyumbani.

Hata hivyo, mengi ya mahojiano hayo huharibika kwa sauti inayokatika au yenye mwangwi, na kasoro hiyo mara nyingi hugunduliwa mgeni akiwa amekwisha kuaga.

Silabi moja, maana mbili

Katika Kiswahili, sauti mbovu ina hatari ya pekee. Ukanushi mara nyingi hubebwa na silabi moja tu mwanzoni mwa neno.

"Hawatarudi" ikipoteza silabi ya kwanza hubaki "watarudi". "Hatutalipa" huwa "tutalipa". Mtandao ukikatika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, shahidi huweza kuonekana amesema kinyume cha alichokisema.

Laini ya simu ya kawaida nayo ilitengenezwa kupitisha mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu, ilhali sikio lenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Ndiyo sababu katika simu herufi "s" na "f" hukaribiana, na "kusumbua" huweza kusikika kama "kufumbua".

Usafi wa sauti, kwa hiyo, ni sehemu ya usahihi wa habari yenyewe.

Kurekodi pande zote mbili

Njia ya kuaminika zaidi ni kila upande kurekodi sauti yake kwa kifaa chake, wakati mazungumzo yakiendelea kwenye intaneti.

Kwa utaratibu huo, mtandao hutumika kwa kusikilizana tu. Ukiyumba, faili iliyo mikononi mwa mhojiwa hubaki kamili.

Tahadhari hiyo ina maana Afrika Mashariki. Mwezi Mei 2024, hitilafu katika nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM ilizorotesha intaneti katika nchi kadhaa za eneo hilo, zikiwemo Tanzania na Kenya.

Mhojiwa hahitaji mitambo ya studio. Simu mbili zinatosha: moja ya kuzungumzia, nyingine ya kurekodia. Simu moja aghalabu haiwezi kufanya kazi zote mbili, kwani simu nyingi huzuia programu ya kurekodi wakati wa mazungumzo. Simu ya pili inaweza kuazimwa kwa jirani.

Simu ya kurekodia izimwe mawasiliano yote, ili mlio wa ujumbe usiingie katikati ya jibu. Nafasi ya kuhifadhi ikaguliwe mapema: sauti isiyobanwa, ya mkondo mmoja na ubora wa hezi 48,000, huchukua takriban megabaiti 6 kwa dakika. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 huchukua karibu megabaiti 1.

Mwanzoni, mhojaji ahesabu hadi tatu na pande zote mbili zipige kofi mara moja. Mlio huo humsaidia mhariri kuzilinganisha faili mbili baadaye.

Kukubaliana saa

Mahojiano mengi hukwama kabla ya kuanza, kwa sababu ya saa. Saa 4 asubuhi Nairobi na Dar es Salaam ni saa 3 asubuhi Kigali, Bujumbura na Bukavu, na saa 5 asubuhi Muscat.

London wakati huo ni saa 1 asubuhi majira ya baridi, na saa 2 majira ya joto.

Aidha, aliyeishi ng'ambo kwa muda mrefu anaweza kuandika "saa 4" akimaanisha saa 10 ya jioni. Ni vyema kuandika saa ya kila upande, pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Chumba na kipaza sauti

Chumba kidogo chenye mapazia, zulia, godoro au kabati la nguo hupunguza mwangwi. Ukumbi mtupu wenye kuta za saruji huuzidisha.

Feni, jokofu na jenereta ni vya kuzimwa inapowezekana. Chini ya paa la bati, mvua inaweza kuilazimisha ratiba kusogezwa.

Mlango nao ufungwe. Mwezi Machi 2017, Profesa Robert Kelly alipokuwa akihojiwa na BBC kutoka nyumbani kwake Busan, Korea Kusini, watoto wake wawili waliingia chumbani matangazo yakiwa hewani, na picha hizo zikaenea duniani kote.

Kipaza sauti kikae umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi "p" na "b" isikigonge. Kisishikwe mkononi, msuguano wa vidole husikika.

Pande zote mbili zivae vipokea sauti vya masikioni. Bila hivyo, sauti ya mhojaji hutoka kwenye simu ya kuzungumzia na kuingia katika ile inayorekodi.

Kabla ya swali la kwanza, kila upande urekodi nusu dakika ya majaribio na kuisikiliza. Jina la mhojiwa na cheo chake vitamkwe na mwenyewe na kurekodiwa.

Wakati wa mazungumzo

Katika intaneti sauti huchelewa kidogo kufika. Mhojaji asubiri sekunde moja au mbili baada ya kila jibu, na aitikie kwa kutikisa kichwa badala ya "naam" na "ehee" zinazofunika maneno ya mgeni.

Maswali yawe mafupi, moja kwa wakati mmoja. Tarakimu, majina na kauli za kukanusha zirudiwe: "Umesema hawatarudi?" Swali hilo dogo humpa mgeni nafasi ya kuthibitisha kauli yake.

Ridhaa na usalama

Mhojiwa aelezwe kabla ya kurekodiwa sauti yake itatumika wapi, na ridhaa yake irekodiwe. Ujerumani, kurekodi kwa siri mazungumzo ya faragha ni kosa la jinai. Katika jimbo la California, Marekani, ridhaa ya pande zote inatakiwa katika mazungumzo ya faragha.

Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022.

Kwa mkimbizi au mfanyakazi anayemlalamikia mwajiri, faili iliyobaki katika simu ya kuazima inaweza kumletea madhara. Ikishatumwa na kupokelewa salama, ifutwe humo.

Baada ya kuagana

Pande zote zisizime vifaa mara moja. Nusu dakika ya ukimya wa chumba irekodiwe, kwani mhariri huitumia kuziba mapengo.

Faili itumwe kama waraka, wala si kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao hubanwa na kupunguzwa ubora. Nakala ya pili ihifadhiwe mahali pengine.

Mhojaji aisikilize faili ya mhojiwa siku hiyo hiyo. Jibu lililopotea huweza kuulizwa tena kesho yake. Baada ya mwezi mmoja, huenda mhojiwa asipatikane tena.